Mstari Ulioupandisha Ukiwa Dodoma

Sonatubes, Kicukiro,
Kigali.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Conrad,

Shikamoo. Natumaini mko salama huko Dodoma, na mgongo wa wifi Lillian umepata nafuu. Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza. Mimi nina hasira, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi mpaka mwisho.

Misa ya mwaka mmoja tangu Mama atutoke ilikwenda vizuri. Baada ya chakula watu wakakaa sebuleni kwa baba mdogo Eustache kutazama filamu niliyotengeneza, Mama akiongea mwenyewe. Nilibeba ile kompyuta uliyonitumia. Mama alipoanza tu kuwataja wajukuu, ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena.

Unajua nilivyohangaika na kadi yake ya michoro. Ilipofika ilikuwa inachemka na kupiga kelele, na kwenye kazi nzito inavuta umeme kuliko pawasapulai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, inavyoweza kutoa, na mashine nzima inazima. Nikajifunza kuushusha mstari wa volteji, ule mchoro kwenye programu ya kadi unaopanga ivute umeme kiasi gani: kasi karibu ile ile, umeme kidogo. Nilishusha, nikajaribu, ikagoma, nikarudisha kidogo, mpaka ikatulia. Tangu Septemba haikuwahi kuzima, na harusi ngapi nimehariri humo!

Niliporudi nyumbani nikafungua ile programu. Mstari ulikuwa umerudishwa juu, kama ulivyotoka kiwandani. Ni mimi na wewe tu tunaoweza kuingia humo, na wewe huingia kwa mtandao ukiwa huko huko kwako. Uliwahi kuniambia kadi uliyoinunua haitatembea kwa nusu nguvu. Nusu nguvu gani, kaka? Tofauti hukuiona mpaka uliposoma namba.

Hilo ningelimeza. Kinachonichoma ni shangazi Nyiramana kunikaripia mbele ya wageni: "Wewe mutoto, nani alikutuma kuchokoza hiyo kitu? Iko ya kaka yako!" Jioni akauliza kwenye grupu la familia, nawe ukajibu kwamba ulinionya nisiiguse. Ulijua, ukaniacha. Sasa shangazi harusi ya binti yake, Kaze, kampa mpiga picha wa Kimihurura, na huku mtaani wanasema naharibu mashine za watu. Hii ndiyo kazi inayonilisha.

Nimeushusha mstari tena na kubadilisha neno la siri, kwa hiyo usijisumbue kujaribu kuingia. Filamu sasa inacheza bila kukatika. Siitumi kwenye grupu mpaka uandike humo, wewe mwenyewe, ni nani aliyegusa. Ukiona vigumu, njoo uchukue mashine yako, nitakuwa nimeifuta vumbi.

Nisalimie wifi, na Manzi mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awalinde nyote, hata wewe.

Nilitaka kuishia hapo, lakini ujue hili. Akishamaliza wajukuu, Mama anakutaja wewe, kwa jina lako la utotoni, na anacheka. Hakuna aliyelisikia siku ile.

Mdogo wako akupendaye, leo kwa shida,
Kamikazi