Nyota Kashusha Maziwa

Basi kashusha, Baba Ema! Nyota ng'ombe wako kashusha maziwa asubuhi ya leo, ndoo imejaa mpaka povu linamwagikia viatu vya Ema, na mimi nilikuwa jikoni nalia huku nacheka, uji umeungua wote. Ile sufuria kubwa. Imekuwa nyeusi ndani kama mkaa na wala sijali.

Anayeandika ni mkweo Paskalina, mke wa Ema. Si unamjua, neno moja asubuhi, la pili jioni, mngekuwa baba na mtoto nyie wawili. Sasa hivi ananiambia, "Mama, polepole, mkono unaniuma." Vumilia tu. Nina mengi, na kwa wiki tatu sikuyasema.

Ndiyo, mimi. Wiki tatu nimenyamaza. Ngoja nikwambie.

Tulipokuzika, wageni wakaondoka, kesho yake nikachukua ndoo nikaenda zizini. Nikamwambia Nyota habari vizuri, kama mtu: mama, mwenye mkono uliouzoea katutoka, utanivumilia mimi. Akaipiga ndoo teke. Kesho yake tena. Kiwele kimejaa, ndama analia, na yeye kabana, hata tone. Ema mwanao akasema, "Mama, wewe unaongea sana. Huyu kazoea baba, na baba alikuwa haongei." Nikaona ni kweli. Miaka yote ulimkamua bila hata kukohoa.

Basi nikavaa koti lako, lile lenye harufu ya ugoro, nikauma ncha ya kanga nisije nikasahau nikaropoka, nikakaa kwenye kigoda chako. Kimya. Hakutoa. Akajaribu Paskalina, ambaye yeye kunyamaza ni kazi yake. Hakutoa. Ema akasema labda ni kelele za nyumbani, akazima redio. Tukaanza kutembea kwa vidole. Nakwambia nilikuwa naosha vyombo kama mwizi! Jirani alikuja kuomba moto akatukuta tunanong'ona, akarudi nyumbani akatangaza kwamba tumefiwa tena. Watu wanne walikuja na sukari.

Na Nyota anazidi kukauka, ndama tu ndiye anaambulia kidogo. Ema akasema hivi, "Mnada ujao wa Karatu anakwenda. Atakayemnunua ni mchinjaji, nakuambia mapema usije ukanililia." Nikasema huyo ng'ombe ana alama za vidole vya baba yako. Akasema, "Mama, shusha sauti."

Sasa kunyamaza, Baba Ema, mimi sikujua ni kazi. Ukinyamaza mambo yanakujia. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda chako nikaanza kuvihesabu vimya vyako. Cha kwanza kabisa, ulipokuja kwetu na mjomba wako kunichumbia. Mjomba anaongea, wewe unaangalia bakuli la pombe. Mama yangu akanivuta pembeni akasema, "Huyu ama ni mjinga, ama anasikia kila kitu." Nikakubali nikaone ni lipi. Kimya chako cha hasira nilikijua, kilikuwa na pua, ulikuwa unapumua kama ng'ombe aliyepanda kilima. Cha kushiba nilikijua, ulikuna kidevu. Kile cha kanisani ulikuwa unasinzia, hakuna aliyejua ila mimi, nilikuwa nakukanyaga. Na kile cha wewe na rafiki yako Lemburis, yule Mmasai wa Kakesio! Mtu anatembea siku mbili nzima kutoka huko juu, mnakaa mmeangalia ng'ombe mpaka jua linazama, anaondoka, nakuuliza amesema nini, unasema, "Hajambo."

Lakini kulikuwa na viwili nilivishindwa.

Cha kwanza, zizi. Lilikuwa kule chini kwenye mbaazi, mahali pazuri, upepo unapeleka harufu kwa watu wengine. Siku moja narudi kutoka kusaga nakuta umeng'oa nguzo zote umezileta hapa, ukuta kwa ukuta na jiko langu. Nilipiga kelele wewe! Nzi kwenye maziwa, nzi kwenye ugali, samadi mlangoni. Nikakuuliza kwa nini, mbona unanifanyia hivi. Ukapigilia msumari. Nimekuuliza mwaka baada ya mwaka, na wewe unapigilia msumari. Nikasema moyoni huyu mwanaume ananikomoa.

Cha pili kile cha hospitali. Hicho sikukisema kwa mtu. Nilikuwa nimekaa kitandani kwako nakupa habari, mbuzi wa jirani kaingia kwenye maharage, magari ya watalii yamepita kumi na moja yanakwenda kreta, vumbi lote kwenye nguo zangu nilizoanika, basi vitu hivyo hivyo tu. Nesi akaja, binti mzuri, akasema, "Bibi, mwache babu apumzike." Nikanyamaza. Ukafungua macho. Ukaniangalia, ukaniangalia. Halafu ukafumba, na hukufungua tena. Nikasema basi, amenishukuru. Maisha yake yote nimemchosha na mdomo huu, na mwisho kapata dakika yake moja ya kupumzika. Hilo ndilo nililokuwa nakaa nalo kwenye kigoda, Baba Ema. Si Nyota peke yake. Nilitaka kujua kama nilikuchosha.

Paskalina, usilie kwenye karatasi, itaharibika.

Jana ndiyo akaja Lemburis. Habari ilikuwa imechelewa kumfikia, alikuwa kapeleka ng'ombe mbali kutafuta majani. Kaja na shuka lake na fimbo, vumbi mpaka kwenye kope. "Takwenya!" akanisalimu kwa Kimasai, kwa ile sauti yao ya kuita ng'ambo ya bonde. Ema akatoka mbio, "Baba, tafadhali, sauti, kuna ng'ombe!" Lemburis akamwangalia kama mtu aliyeona kondoo anapanda mti. Akauliza, ni nani kawaambia ng'ombe anaogopa sauti? Ema akamweleza yote, baba haongei, ng'ombe kazoea kimya.

Akacheka, Baba Ema. Kwenye msiba! Alicheka mpaka akashikilia nguzo. Akasema, "Yeyo, mama, mimi nilikuwa namtania huyu mume wako. Nilimwambia, kwetu wanaokamua ni wanawake, wewe Mmbulu unashika chuchu mwenyewe na mke unaye? Akaniambia, asubuhi mke wangu anaongea jikoni. Kule chini kwenye mbaazi nilikuwa simsikii. Ndiyo maana nimehamisha zizi."

Basi. Neno kwa neno. Na mtu huyo hasemi uongo, hata maneno yenyewe hana ya kutosha kwa uongo.

Nilikaa chini palepale kwenye samadi. Kwa hiyo ulikuwa unanisikia! Yote yale, mabishano yangu na moto usiowaka, na nyimbo ninazokosea, na niliyokuwa nakusema wewe mwenyewe nikidhani uko mbali! Uwiii. Na ukaja mezani na ndoo, umenyamaza, unakuna kidevu.

Nikasema Ema, kesho asubuhi kigoda kikalie wewe, mikono ni ya baba yako. Fumba mdomo wako kama yeye. Mimi niachieni jiko.

Leo alfajiri nikawasha moto, nikaanza. Mwanzoni sauti ilikuwa imeshika kutu. Nikaanza na yule mbuzi, maana hukumsikia mwisho wake, kala maharage yote na bado ananenepa. Nikaja kwenye msiba wako, nani kalia kweli na nani alikuwa anaangalia nyama. Nikasikia ng'ombe kahema ng'ambo ya ukuta. Halafu nikasikia maziwa. Mshindo ule kwenye ndoo tupu, chwaa, chwaa, halafu ukawa mzito. Nikazidisha. Uji ukaungua.

Alikuwa anatungoja wote wawili, Baba Ema, mkono wako na sauti yangu. Na sisi tulimpelekea kimya peke yake.

Sasa na yale macho ya hospitali nimeyaelewa. Hukuwa unashukuru. Ulikuwa unauliza mbona nimenyamaza. Nisamehe, nilimsikiliza nesi, nilikuwa sijui. Ningekumalizia habari za mbuzi.

Sitanyamaza tena, hilo nakuahidi. Kaburi lako si mbali, ni pale kwenye mgomba, dirisha la jiko linatazama hukohuko na nimeshalifungua. Nyota haendi mnadani, Ema kasema mwenyewe, na ndama leo kashiba kalala. Lala na wewe, mzee wangu, pumzika kwa raha zako, nami nitaongea kwa sauti. Ila kuna jambo la yule mjomba wako, sikuwahi kukwambia, siku ile ya kunichumbia alinifuata nyuma ya nyumba akaniambia…

Umesikia? Ni Ema huyo, yuko zizini na ndoo ya jioni. Yule yule wa mama shusha sauti. Anaita, "Mama! We mama! Njoo jikoni uongee, Nyota kasimama tu!"

Naja, Ema, naja! Nilikuwa naongea na baba yako.