Udongo Nilioufagia

Woolwich, London

Kaka yangu Byamungu,

Pokea salamu za mdogo wako, uzigawe hapo nyumbani kabla hazijapoa. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, presha yake imeshuka? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ila baridi ndiyo inatufanyia visa.

Karatasi ya kiwanja cha Mama niliipata. Nimeelewa yote uliyoandika: nyumba iliungua wakati wa vita, zimebaki ngazi tatu za mlango na kaburi lake, mimi sirudi, na jirani anakitaka kiwanja. Unangoja sahihi yangu tu. Sikukasirika. Kusema kweli kalamu nilikuwa nimeshaishika. Lakini kwanza nikusimulie yaliyonikuta Jumamosi kazini, maana mpaka leo bado nimeduwaa.

Unajua Jumamosi nasafisha uwanja wa raga. Raga ni mpira ule wa umbo la yai, unabebwa mikononi, na wanaume wanarundikana juu ya anayeubeba kana kwamba amewaibia mbuzi. Wiki hiyo ilikuja timu ya Wafaransa, wachezaji wa kulipwa kabisa, lakini wa kutoka mji mdogo ambao hata kwenye ramani ya shule ya binti yangu Neema hatukuuona.

Nafanya kazi na Bi Zuhura, mama wa Kipemba asiyevumilia hata unywele sakafuni. Tulikuwa tumeshapiga deki chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya wageni, kinang'aa. Niliporudi kukagua, nikakuta udongo mwekundu umemwagwa mlangoni, pale wachezaji wanapotokea kwenda uwanjani. Nikasonya. Nikaufagia wote, nikautupa kwenye mfuko wa taka, nikapiga deki tena. Mimi na uchafu, wewe unatujua. Nimerithi kwa Mama.

Punde akaingia mzee mfupi mwenye koti la timu yao, akasimama akitazama sakafu. Akaanza kuhangaika na Kiingereza cha kuokoteza. Nikamjibu kwa Kifaransa, kile tulichofundishwa na masista kule kwetu Uvira, akashtuka.

"Mama," akasema polepole, "umefagia kwetu."

Kumbe ndiye mtunza uwanja wao, tangu ujana wake. Kila wanapokwenda kucheza ugenini huchota udongo wa uwanja wao, huumwaga mlangoni, na kila mchezaji huukanyaga kabla ya kutoka. Hakunigombeza. Macho tu yalimlowa, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Nikakimbia kumwita Bi Zuhura. Tukapiga magoti nje, kwenye mifuko ya taka.

"Maganda ya machungwa haya, mabendeji haya," Bi Zuhura akalalama, mikono imezama ndani. "Mtu mzima na akili zake analilia udongo? Shoga, leo umenipatia!"

Lakini aliuchambua kama mchele wa karamu, akitupa kila uchafu pembeni. Tukapata viganja viwili. Nikavibeba ndani ya kitambaa changu cha kichwa.

Wachezaji walishajipanga mstari. Kaka, wanaume wale! Shingo nene, masikio yamekunjamana kwa kusuguana miaka yote hiyo. Mzee akamwaga kile kidogo, na majitu yale yakapita moja moja, kimya, kila moja likiweka kiatu pale taratibu, kama mtoto anayeogopa kumwamsha mama yake. Nilisimama na ufagio wangu.

Halafu nikatoka kuona jukwaa lao. Mzee alikuwa ameniambia kwamba mji mzima umefunga milango na kupanda mabasi, wakapita njia ya chini ya bahari, nami nikadhani anatia chumvi. Akatoka nami, akanionyesha kwa kidole: yule mwoka mikate, yule mwalimu, yule padri, yule bibi aliyefunikwa blanketi magotini. Wote walienea katika pembe moja ya uwanja, na viti vikabaki. Lakini walipoimba, wenyeji wote wale walinyamaza. Timu yao ilifungwa, tena vibaya. Waliendelea kuimba, na mimi nikasahau kazi iliyonileta.

Mechi ilipokwisha, mzee akaja kuazima ufagio wangu. Akaukusanya udongo wake, akaurudisha kwenye mfuko wake mdogo.

"Si ungeuacha tu?" nikamwuliza. "Ni kidogo mno."

"Tukiacha kidogo kila tunapokwenda, mwisho tutarudi wapi?"

Ndani ya basi niliwaza ile karatasi yako njia nzima.

Nyumbani nikamsimulia Neema. Unajua anakielewa Kiswahili chetu, ila hujibu kwa Kiingereza tu. Safari hii akaniuliza kwa Kiswahili, "Na sisi tuna udongo, Mama?"

Nikamwambia tunao. Nililia, Kaka, sikufichi.

Nisalimie shemeji, na Mama Mdogo Faida aliyetulea baada ya Mama. Hata jirani yetu msalimie, umwambie simchukii, ila akatafute kiwanja kingine. Karatasi yenu naituma humu bila sahihi. Nimeikunja ikawa kijifuko. Nenda kwenye zile ngazi tatu, uchote udongo kidogo, uutie ndani yake, umpe mtu anayekuja huku.

Tutaurudisha wenyewe, mimi na Neema.

Mdogo wako akupendaye,
Furaha