Gari Lako Jeusi, Baba

Baba yangu,

Leo asubuhi nimefungua boneti ya gari lako mbele ya mnunuzi, na ndani hamna injini. Hamna, Baba! Pamefagiliwa safi kama sebule inayongoja wageni.

Yule bwana katoka Malindi kwa ajili yake. Nilikuwa nimelisifia weee: gari dogo la kifahari, la mbio, dereva mmoja tu, halina hata mchubuko. Akapapasa viti vya ngozi, akatabasamu. Akatia ufunguo, kimya. Tulipofungua boneti akanigeukia, "Dada, hili unaliuza au unalizika?" Nilitamani ardhi inimeze. Na mama nilishamwahidi nyumba mpya mahali palipoinuka, maana ile ya zamani ilikwenda na mafuriko, likabaki banda lako la gari tu kule mwinukoni.

Unakumbuka arusi yangu? Nilikuomba unipeleke na gari hilo, ulilopewa na tajiri wako ulipoacha udereva. Ukasema, "Barabara ya Garsen italivunja, mwanangu." Nikaenda kwa trela la trekta, vumbi hadi kwenye kope, na gari liko bandani limefunikwa shuka. Sikukusamehe. Hata ulipougua ugonjwa uliokuchukua, nilikusalimia kwa mdomo tu.

Leo mama alikuwa anapeta mchele, wala hakushtuka.

"Iko shambani," akasema. "Mto ulipopungua na migomba ikaanza kukauka, baba yako aliing'oa akaifunga kwenye pampu. Aliniapisha nisiwaambie. Aliona haya."

Pampu ile! Ile uliyoifungia kwenye kibanda cha mabati ukatukataza kuchungulia. Imetulisha, imenisomesha mimi. Siku ya mafuriko uliikimbilia kuipandisha juu kabla ya kitanda chako, nasi tukakucheka. Na kila Ijumaa ukaendelea kuliosha gari lisilokwenda popote, ili tusijue. Loh, Baba! Ungeniambia tu.

Mnunuzi akasema nimletee injini, atachukua vyote. Nikamtazama mama.

"Nyumba nitakandika ya udongo," akasema. "Shamba nalo litakunywa nini?"

Nikamwambia yule bwana haliuzwi. Kaondoka akinung'unika, na haki yake.

Nisamehe, Baba. Leo ni Ijumaa. Nimekwenda shambani kuteka maji kwa ndoo mbili, nikarudi bandani nikaliosha gari mwenyewe kuanzia boneti hadi magurudumu, nikalifunika shuka lile lile. Maji yametoka kwa injini yake.

Binti yako,
wa trela