Jina la Irudayaraj Mbele ya Sayari

Kumbakonam,
Jumapili, 3 Aprili 1988

Mwanangu Umayal,

Pokea salamu zangu. Mimi na shangazi yako Thaiyalnayaki hatujambo, ila goti langu linalalamika kila nikikunja mguu. Biashara ya tambuu inakwenda. Nawe je, unakula? Au huko Tiruchi bado wanawauzia maji na kuyaita maziwa?

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili wali umepoa mbele yangu. Ati umepata mchumba. Ati ni daktari wa ng'ombe. Ati ni Mkristo, jina lake Irudayaraj, na mtaandikisha ndoa serikalini tarehe sita Juni, nami nije nisimame upande wako. Umayal! Nyota yake ipi? Hana! Mtu mzima na masharubu yake, hana nyota!

Mimi si mtu wa kusemea pembeni. Nimeanza kuyazunguka mahekalu ya sayari zote tisa, nikaombe mtu huyo aondolewe njiani mwako. Leo nimetoka kwa Jua. Nilipeleka nazi, ndizi, kafuri, na tambuu za shambani kwangu. Kuhani akauliza kama wanavyouliza wote, "Jina nani, nyota gani?" Nikasema Irudayaraj. Akanitazama juu mpaka chini. "Nyota?" Nikasema hana. Basi akasema atasoma kwa nyota ya mungu mwenyewe, kwani ndivyo wanavyofanyiwa wasiojua zao. Akasoma kwa Kisanskriti, mbio mbio, na mimi nikanong'ona haja yangu moyoni.

Ila nimechanganyikiwa kidogo. Mnajimu anasema ningeanza na Mwezi. Shangazi yako anasema kila sayari ina siku yake na mimi nimekurupuka tu. Nani anajua? Niandikie huyo bwana alizaliwa siku gani, saa ngapi. Nisije nikamwombea Irudayaraj mwingine.

Ni mimi baba yako,
Vaithiyanathan


Tiruchirappalli,
11 Aprili 1988

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya Shangazi pia. Goti lipake mafuta ya ufuta ya moto, wala usiwe mbishi. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako imenichekesha, ikaniliza, halafu ikanipandisha hasira, na bado sijui nishike lipi. Unataka saa ya kuzaliwa ya mtu ili umwombee mabaya bila kukosea? Nilimwonyesha Irudayaraj. Akasema, "Mpe Mzee anachotaka, hiyo ni haki yake." Tukamwuliza mama yake. Anasema alimzaa tarehe kumi na tisa Novemba, mwaka hamsini na tisa, kengele ya kanisa ikilia. Lakini kengele hiyo hulia alfajiri na hulia magharibi, na yeye hakumbuki ilikuwa ipi. "Nilikuwa na uchungu, binti, sikuwa na saa," ndivyo alivyonijibu.

Tena furahi, kama kufurahi ndiko unakokutaka. Irudayaraj yuko kitandani na ugonjwa wa manjano. Macho yake yana rangi ya bizari. Kama hiyo ni kazi ya Jua, basi umeanza vizuri.

Binti yako,
Umayal


Kumbakonam,
27 Aprili 1988

Umayal mwanangu,

Salamu sana. Sisi tuko salama, na mafuta nimepaka.

Mgonjwa anaendeleaje? Sikulala siku ile barua yako ilipofika. Mimi sikuomba augue! Niliomba aondoke tu. Ahamie Delhi, apate mke wa huko, wale mikate yao kwa amani. Hizi sayari zinasikia nusu nusu? Shangazi yako ananiambia, "Kaka, umetupa jiwe gizani, sasa unashangaa limempata mtu." Yeye mwenyewe amechuma yale majani madogo tunayotumia kwa manjano. Nimeyatuma kwa basi, mzigo una jina lako. Ayaponde, achanganye na mtindi, anywe asubuhi kabla ya kula. Na mafuta asiguse. Msimamie.

Kule kwa mnajimu nilipeleka saa zote mbili za kengele. Kama ni ya alfajiri, anasema nyota zenu zinapendana mno, ndoa kama hiyo hajaiona mwaka huu. Kama ni ya magharibi, mmoja wenu atamzika mwenzake mapema. Nikamwambia, "Bwana, mtu ni huyo huyo mmoja!" Akanyanyua mabega.

Nimeshafika kwa Zuhura na kwa Rahu, ile sayari ya kivuli, ambako maziwa yakimwagwa juu ya sanamu hushuka yakiwa ya buluu. Mwezi pia, na leo Utaridi. Kote nimemtaja yeye. Lakini nikiwa kwa Rahu niliyatazama yale maziwa, nikasahau nilichotaka kusema. Marehemu mama yako angekuwepo angejua la kufanya. Mimi najua kupanga tambuu tu.

Baba yako,
Vaithiyanathan


Tiruchirappalli,
6 Mei 1988

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Huku ni joto tu.

Majani yalifika mabichi kabisa. Irudayaraj ameyanywa huku anakunja uso kama mtoto, na sasa amepona, macho meupe. Kisha juzi serikali imempa ajira ya kudumu aliyoisubiri tangu tufahamiane. Kisha yule ng'ombe wa jirani aliyemkatia tamaa akasimama na kula. Tangu uanze kumwombea mabaya mambo yake yananyooka! Wenzangu ofisini wanauliza kama unaweza kuwaombea mabaya na wao.

Nacheka, Baba, lakini sikuelewi. Unamtumia dawa na huku unamshtaki mbele ya sayari. Unaomba nini hasa?

Binti yako,
Umayal


Kumbakonam,
15 Mei 1988

Umayal,

Salamu. Mwili mzima, kichwa ndicho kinachouma.

Nilikwenda kwa Mirihi na Mushtarii, na jana, Jumamosi, mimi na shangazi yako tukaenda kwa Zohali. Zohali hana mchezo, ana nuksi yake, nikasema hapa ndipo patakapoamuliwa. Nikaoga bwawani, nikaacha nguo kuukuu kama ilivyo desturi, nikaingia. Safari hii nikamwambia kuhani wazi: "Msomee kwa nguvu, namtaka aondoke."

Akaniuliza, "Aondoke vipi?" Nikamweleza yote. Yule kuhani kijana akacheka mpaka akashika nguzo. "Mzee, mimi nasoma maneno aliyonifundisha baba yangu. Nikitaja jina la mtu, namwombea afya, umri mrefu, riziki, mke mwema na watoto. Sina maneno mengine. Hakuna hekalu lenye mengine. Ukitaka kuloga, umekosea mlango."

Umayal, miaka sitini na mbili nasimama mbele ya makuhani, sijawahi kuuliza wanasema nini! Kisanskriti kinapita, mimi naitikia. Nilikwenda kuling'oa gugu, kumbe katika kila hekalu nalimwagilia maji. Nikamwuliza kama naweza kuyatengua. Akasema baraka si deni, hairudishwi.

Shangazi yako amecheka njia nzima, basi lote likajua habari zangu. Mimi sicheki. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Baba yako,
Vaithiyanathan


Tiruchirappalli,
21 Mei 1988

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Irudayaraj anakusalimu.

Nilicheka, nisamehe. Yeye hakucheka. Alisema, "Hakuna mtu aliyewahi kuniombea hivyo." Akatoka nje.

Ninalo swali moja tu, Baba. Utakuja? Usipokuja nitatia saini yangu vilevile, kwa kuwa nampenda. Lakini nitakuwa nimeolewa kama mtu asiye na kwao, na hilo litaniuma maisha yangu yote. Nijibu, hata kama jibu ni hapana.

Umayal wako


Tiruchirappalli,
30 Mei 1988

Baba,

Shikamoo. Je, unaumwa? Shangazi hajambo? Barua sijaiona. Kila tarishi akipita natoka nje. Niandikie neno moja.

Umayal


Kumbakonam,
Alhamisi, 2 Juni 1988

Mwanangu,

Salamu. Siumwi. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu naandika "naja", nafuta, naandika "siji", nafuta.

Ilibaki sayari moja, Ketu. Nikaazimia kwenda kutaja jina lako peke yako. Huyo bwana amepata vya kutosha, vingine anavitaka vya nini? Leo nimekwenda. Hekalu dogo, watu wachache. Kuhani mzee, hasikii vizuri. "Jina?" Umayal. "Nyota?" Nikaitaja. "Huyo tu, basi?"

Nikazipanga upya tambuu za sadaka. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Kijana mmoja akasema, "Babu, unanunua au unatazama?"

Nikasema Irudayaraj.

"Nyota?" Hana. Akaweka mkono sikioni, akauliza kwa sauti iliyojaa hekalu zima, "Ni nani wako?"

Nikajibu kwa sauti kama yake, maana asingesikia: "Mkwe wangu."

Hapo sikulazimishwa na mtu. Usiniulize kama nimekubali, mimi mwenyewe nimejiuliza njia nzima. Shangazi yako alikuwa nyuma yangu, na safari hii hakucheka.

Tunafika Jumapili kwa basi la mchana. Stendi usije wewe, mtume yeye. Sijui nitamwambia nini.

Baba yenu,
Vaithiyanathan