Ngoma Haibandikwi Ubaoni

Jumatatu, Novemba 1983. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini leo haijanyesha. Mgongo unaniuma.

Nianze na mgongo, maana ndio ulionikalisha hapa niandike badala ya kupika. Jana nililima, kisha nikabeba pamba kichwani mpaka mvua ilipotufukuza. Na mimi ni karani wa mizani. Kazi yangu ni kukaa.

Kulwa na Doto wakija kusoma haya wakiwa wakubwa, wajue mama yao alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kwamba mwaka huu kiwanda hicho kimesimama tangu Saba Saba. Mkanda wa mashine kubwa ulikatika. Tukaambiwa mwingine utaagizwa nje fedha za kigeni zikipatikana, na mpaka leo tunaambiwa hivyo hivyo. Kazi hakuna, lakini kazini tunakwenda.

Honi inalia saa moja asubuhi. Hiyo haijaharibika. Watu wanaingia, wanaitika majina yao, kisha kila mmoja anakwenda kwenye kituo chake cha kukaa. Kituo cha Masanja ni juu ya magunia matupu nyuma ya mashine. Yeye ni mwendesha mashine, na kwa usingizi hana mpinzani katika wilaya hii. Wengine wanacheza bao. Mafundi wawili walichoka wakaenda Maganzo kuchimba almasi. Mmoja alirudi juzi kutusalimu, miguu mitupu, suruali imechanika magotini, na bado tulimwonea wivu.

Zamani tulikuwa tunalalamika. Kulalamika kulikuwa dalili ya uhai. Siku hizi hata hilo limekwisha, mtu akianza kulalamika wenzake wanamtazama kama anayesimulia ndoto.

Mimi si bora kuliko wao. Mizani haina cha kupima, basi nafuma vitambaa vya meza. Nimefuma vya kwangu, nimefuma vya majirani, sasa nafumia watu nisiowajua. Jioni narudi nyumbani nimechoka kuliko mwaka ule tulipopokea pamba usiku na mchana. Uchovu wa kutofanya kitu hautoki hata ukilala.

Meneja wetu si mtu mbaya. Alihamishiwa hapa mwaka jana kutoka Dar es Salaam, ni mpole, hanywi, hatukani mtu. Ila anaongea kwa matangazo. Kila tangazo linaanza vilevile: Wafanyakazi wote mnakumbushwa. Tumekumbushwa kuwahi, tumekumbushwa kutolala, tumekumbushwa kuipenda kazi. Mwenzetu mmoja wa kwenye mashine alipofariki, mume wa Mama Nkwimba, rambirambi za Meneja nazo zilibandikwa ubaoni, na muhuri juu. Msibani hakufika. Sisi tulizika, tukakaa matanga, tukarudi kazini, tukaikuta ile karatasi. Nadhani siku ile ndipo watu walipolala rasmi.

Sasa kuna pamba. Hii ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi.

Ghala limejaa pamba ya wakulima mpaka mlangoni, na iliyokosa nafasi imerundikwa uani chini ya maturubai yaliyotoboka. Mvua ikiipata, inapata joto kwa ndani, inaoza, inageuka njano, haifai tena. Banda la marobota liko tupu pale pale, maana hatutengenezi marobota. Kuihamisha ni kazi ya siku moja watu wakitaka. Watu hawakutaka, na Meneja alikuwa anasubiri kibali kutoka mkoani.

Katika rundo hilo imo pamba ya mama yangu.

Mama anakaa kijijini, upande wa Mhunze. Amekuja kwangu kutibiwa jicho. Pamba yake aliileta mwezi wa sita, aliichambua mwenyewe, safi kando na chafu kando, na mgongo ule wake. Kila jioni nikirudi ananiita mwanangu kwa Kisukuma na kuniuliza, "Ng'wanawane, pamba yangu imeshakuwa kanga?" Hatanii. Duka la ushirika halijaona kanga siku nyingi, na yeye anaona jambo ni rahisi: amelima, amevuna, ameleta kiwandani, binti yake yupo kiwandani, sasa kanga iko wapi? Kila jioni namjibu, bado, mama. Nilifika mahali nikawa napitia kwa jirani kwanza ili nimkute amelala.

Ijumaa upepo uligeuka, ukaanza kutoka upande wa ziwa. Hata Meneja aliona, akaacha kusubiri kibali. Mchana tangazo likatoka: Wafanyakazi wote mnakumbushwa kufika Jumapili saa mbili asubuhi kuhamisha pamba.

Jumapili tulifika watatu. Meneja, mlinzi ambaye hakuwa na pa kwenda, na mimi niliyeacha misa. Tulisimama uani. Meneja alitazama saa, akatazama lango, akatazama saa. Mawingu yalikuwa yanajikusanya bila haraka yoyote, kama yanajua hatuna la kufanya.

Ndipo nikasikia ngoma.

Ilikuwa ngoma ya kulimia, bugobogobo, kutoka ng'ambo ya barabara. Niliifuata. Ilinifikisha shambani kwa Mama Nkwimba, yule mjane. Wanaume walikuwa wamejipanga mstari mmoja, majembe yanapanda pamoja, yanazungushwa hewani, yanadakwa, yanashuka pamoja. Udongo unafunguka. Mbele yao manju anaimba huku ngoma iko begani, jasho linamtiririka mpaka kwenye katambuga zake za matairi. Manju alikuwa Masanja.

Watu wale wale.

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Miezi yote hii nilikuwa nawatetea moyoni, kwamba hawa watu wamekufa ganzi, hawana nguvu tena. Kumbe nguvu wanazo, tele, wanazificha kama sukari ya magendo. Nilikwenda kwa hatua za kupigana. Lakini mtu akifika kwenye mstari wa kulima haanzi na maneno, anaanza na jembe, na kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshapewa jembe. Nikakunja gauni langu la kanisani, nikalima. Tulipofika mwisho wa shamba hasira ilikuwa imepungua nusu, nadhani ndiyo maana desturi iliwekwa.

Mama Nkwimba alileta togwa. Nikakaa karibu na Masanja.

"Masanja, tangazo hamkuliona?"

"Tuliliona, Mama Kulwa."

"Sasa?"

"Hatukuitwa. Tulibandikwa." Akanywa, akafuta mdomo. "Huyu mama alikuja kwangu kwa miguu, akapiga hodi, akasema shamba limemshinda. Huyu kaita."

Wenzake waliguna kukubali. Sikukubali mimi.

"Na mama yangu je?" nikamwambia. "Alibandika nini ukutani? Amelima, kaleta pamba, inakwenda kuoza pale. Na baba yako je, mwaka huu hakuleta? Meneja mvua ikinyesha atalowa? Atahamishwa tu. Watakaolowa ni wazee wetu."

Masanja akachezea kibuyu. Ni mkaidi, na kwa ukaidi huo amelala mwezi baada ya mwezi huku pamba ya baba yake iko nje, kwa hiyo sitaki mtu amwone mtakatifu. Mwisho alisema bila kunitazama, "Basi na aje mwenyewe. Hapa hatumfukuzi mtu."

Nilirudi kiwandani karibu nakimbia. Meneja aliposikia alisimama wima. "Mimi ndiye niwafuate? Shambani?"

"Ndugu Meneja," nikasema, "mvua haitasoma tangazo."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Alitazama mawingu, akatazama viatu vyake vilivyong'aa, akaanza kutembea.

Alipofika alikohoa kama mtu anayetaka kufungua mkutano. Wakampa jembe. Mungu anisamehe, sijawahi kuona mtu analima vibaya namna ile. Alikuwa anakwaruza ardhi kama kuku. Lakini Masanja alipunguza mwendo wa ngoma, mstari wote ukapunguza, wakamngoja, mpaka akamaliza na wenzake. Hakuna aliyecheka. Kisha akaweka jembe chini, akaenda moja kwa moja kwa Mama Nkwimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole na msiba. Sikufika."

Yule mama akampa mkono. "Asante, mwanangu. Umefika."

Nililia kidogo. Nilijifanya nafuta vumbi.

Meneja akawageukia wanaume, viganja vimeshatoka malengelenge, akasema maneno matatu: naomba mnisaidie jamani. Masanja akatupia ngoma begani.

Basi tulibeba. Ngoma mbele, magunia nyuma, mabunda ndani ya mashuka, wanawake wa nyumba za jirani wakatoka na vikapu bila kuambiwa. Masanja akamtungia Meneja wimbo hapo hapo kuhusu mikono laini kama pamba daraja la kwanza, na Meneja akacheka, mtu yule ambaye nilidhani meno yake anayaweka ofisini kwenye kabati. Nilisahau kwamba ni Jumapili. Nilisahau kwamba napachukia mahali pale.

Mvua ilikuja alasiri kabla hatujamaliza. Sehemu kubwa ilikuwa imeingia ndani. Kilima kimoja kilibaki uani, tukakifunika na maturubai yote yaliyo mazima, tukaagana kwa kupigiana kelele mvuani. Kesho tunamalizia, kila mtu alisema.

Leo asubuhi watu walifika kabla ya honi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu sidhani nitapata kuandika hivyo tena. Masanja alikuja na ngoma yake begani. Tukaingia langoni tunacheka, na pale ubaoni palikuwa na karatasi mpya, gundi bado mbichi.

Wafanyakazi wote mnajulishwa kwamba kuanzia leo ngoma itapigwa kila siku ya kazi, saa moja na nusu kamili. Kila mfanyakazi atatakiwa kuimba.

Muhuri juu.

Masanja alilisoma, akarudia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliiweka ngoma chini polepole karibu na mlango, akaenda kwenye magunia yake nyuma ya mashine, akalala. Wengine wakatoa bao.

Saa moja na nusu Meneja alitoka, akasimama barazani, viganja vimefungwa bandeji. Alikuwa anangoja. Nilimwona usoni kwamba alilibandika lile tangazo kwa furaha, kwamba kwake yeye ile ndiyo namna ya kusema asante. Hana nyingine. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kumzaba kofi. Alingoja mpaka ikawa aibu kumtazama, akarudi ndani, akafunga mlango.

Na mimi? Nilikaa mizanini nikafuma.

Jana nilikuwa na mdomo wa kumwambia Masanja na mdomo wa kumwambia Meneja. Leo mdomo ule ule nimeutumia kukatia uzi. Nilijisemea hainihusu, nilishafanya yangu jana, mtu akishikwa mkono mara moja na ajifunze kutembea. Maneno ya mtu aliyechoka. Kutwa nzima nilikuwa nakiona kile kilima cha pamba kutoka dirishani na sikuinuka.

Jioni, honi ilipolia na watu wakatoka, nililibandua lile tangazo. Lilitoka zima. Sasa liko kwenye kikapu changu pamoja na nyanya. Sijui adhabu yake ni nini, labda nitakumbushwa. Kesho nitamrudishia mezani kwake, mkononi, nimweleze kwamba jana watu walimfuata kwa sababu aliwaomba, si kwa sababu ya ngoma. Kisha nimpeleke nyuma ya mashine, amwamshe Masanja yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Akikataa, nitamwamsha mimi. Ninayo haki hiyo, tumelima mstari mmoja.

Mama hajalala leo. Amenisubiri.

"Ng'wanawane, imeshakuwa kanga?"

"Bado, mama. Ila imeingia ndani."

Akanigeuzia lile jicho zima.

"Yote?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, haoni vizuri na hatafika uani kuhakiki. Nikamwambia hapana, kuna kilima kimebaki nje, tutakiingiza kesho. Akauliza, nani amesema? Nikamwambia, mimi nimesema.

Ngurumo zimeanza upande wa ziwa. Nitatoka kabla ya honi.