Makaa, Kisha Mchanga

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepasua bomba la tatu leo, nisome tabaka za matope yaliyomo. Matope ya bwawa la majani upande wa Mutshatsha, tuliyavuta mwezi wa saba, maji mpaka magotini. Ya chini kabisa ni ya kale kuliko reli, kuliko Wabelgiji. Kijivu laini: miaka ya ubaridi, mvua ya polepole na ya kutosha. Mstari mweusi: miaka ya joto, nyika imeungua mpaka ukingo wa maji, makaa yameangukia humo. Juu ya mweusi, mchanga mzito. Mvua iliyokuja yote kwa pamoja.

Karne hadi karne ni hivyo. Joto likipanda, mvua inachelewa, kisha inakuja na hasira. Profesa kafurahi, mabomba yote yanasema neno moja. Mi sikufurahi. Juu kabisa, kwenye miaka yetu sisi, kuna mweusi mnene kuliko wote. Mchanga wake bado.

Jumatano, 8 Oktoba
Joto. Ofisi kama jiko.

Niandike wazi, hapa hakuna wa kunisoma. Tuna shimo sebuleni. Gaston, bwana wangu, alivunja sementi mwezi wa tano, alipopoteza kazi yake ya ukarani. Si sisi peke yetu, nusu ya mtaa wetu hapa Dilala wanachimba ndani ya nyumba. Turubai mlangoni, watu wanne chini, wanafuata mshipa wa kobalti. Wamepita chini ya jiko, wamepita chini ya chumba cha mabinti wetu. Gaston ndiye anayetangulia. Tunalala juu ya uwazi. Nalichukia shimo hilo, na bukari, ugali ninaopika kila siku, inatoka humo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwambia Gaston.

Wachimbaji wana desturi yao: wanachimba mpaka mvua ndogo ya kwanza, ile ya kulaza vumbi. Ikinyesha, wanatoa kamba na vyombo, wanangoja kiangazi kingine. Wanaiamini kuliko padri. Nikamweleza kwamba kwenye matope yangu, kati ya makaa na mchanga, kuna ukanda mwembamba wa udongo laini. Ndiyo mvua ndogo. Ila penye makaa mazito ukanda huo haumo. Makaa, kisha mchanga, basi.

"We bibi, chunga matope yako," akasema. "Mvua itatuita yenyewe, sawa kila mwaka."

Tata Mulumba, kiongozi wao, akacheka mpaka akakohoa. Sasa ananiita Mama Profesa. Nilitamani kumtupia sufuria.

Jumapili, 19 Oktoba
Kanisani wameomba mvua. Watu wote wamesimama, mikono juu. Mi nilisimama pia, kwa heshima, lakini nilifunga mdomo. Sikuomba.

Mchana mawingu yanakusanyika upande wa Lualaba, yanakaa, yanaondoka. Akina mama wa sokoni bado wana mbegu za mahindi kwenye magunia. Hakuna anayethubutu kupanda.

Alhamisi, 23 Oktoba
Ufa. Kutoka sakafuni mpaka dirishani, kidole kinaingia. Gaston kaujaza sementi, akapuliza vumbi mikononi, akadhani kazi imekwisha. Tumegombana vibaya. Nikasema nawapeleka mabinti kwa dada yangu. Akasema peleka. Nilitaka aseme tubaki wote. Nampenda huyu mjinga, ndiyo taabu yangu.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimeshuka shimoni.

Mkoa huu wote unajua: mwanamke hashuki. Akishuka madini yanakimbia, na shimo linaachwa. Walikuwa wamekwenda kula kwa jirani. Nikakaza kitenge, nikashika kamba, nikatafuta kwa mguu vitundu vya kukanyagia ukutani. Chini kuna joto la mdomo wa mtu. Kuta zinatoka jasho, na tone la mvua halijaanguka. Nikagusa mwamba wao kwa viganja vyote viwili. Nikapanda, nikakaa ukingoni na matope ya shimo kwenye kitenge, ili wanikute hivyo.

Mulumba hakunitukana. Alikunja kamba zake taratibu. "Shimo imekufa, tata," akamwambia Gaston. "Mama ameiua."

Gaston alichukua taa yake, akatoka nje. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kimya chini ya nyumba. Nimelala usingizi wa kweli. Mabinti wamerudi. Gaston hali chakula changu, ananunua mikate barabarani. Ale mikate. Yuko hai, ananuna, na kununa hakujaua mtu. Sina haya hata kidogo.

Jumatatu, 3 Novemba
Wamepata shimo jingine. Nyuma ya soko, la kwenda chini sana, na mapito yake yanaingia kwenye viwanja vya watu watatu. Gaston yuko nao. Aliniambia akiwa amenipa mgongo: "Kule hakuna bibi wa kushuka."

Nimekwenda. Pale penye turubai wamemweka mlinzi, kijana mpole, akanizuia kwa adabu zote. Pole, mama, amri ni banamuke basikaribie, wanawake wote wakae mbali. Zamani hawakuwa na mlinzi. Wamemweka kwa ajili yangu.

Anga nyeupe. Mbwa hawatoki kivulini.

Alhamisi, 6 Novemba
Imekuja. Upepo adhuhuri, giza upande wa Lualaba, halafu maji yote. Hakukuwa na ndogo. Nilikimbia pekupeku, pikipiki za teksi-moto zimezimika katikati ya barabara, maji mekundu magotini, yanakokota mchanga. Mlinzi hakunizuia tena. Wanaume walikuwa wanavuta kamba, na kamba ilikuja nyepesi.

Jumapili, 9 Novemba
Mulumba alitoka hai. Gaston na mwenzake walipatikana jana. Sebule yetu nayo imeshuka, turubai na viti, ndani ya shimo ambalo hakuna mtu aliyekuwamo.

Wakwe wamefika kutoka Kasaji. Wanasema ni mimi. Mwanamke alishuka, hasira ya shimo ikamfuata bwana wake. Wanalisema kwa sauti ya chini, bila matusi. Sibishi. Mi pia nasema ni mimi, kwa sababu yangu nyingine. Shimo letu lilikuwa fupi. Angeisikia mvua juu ya mabati, angenisikia nikimwita, angepanda. Nilimfukuza kutoka hapo nikampeleka kule.

Mama mkwe kaniomba nifue shati la Gaston, lile jeupe la ofisi, azikwe nalo. Nimelifua, nikalianika kwenye ua. Limekauka upesi, joto limerudi.