Alilala Kwenye Kaburi la Baba, Leo Anataka Nimtetee

Mpendwa Bi Kulsumu, shikamoo. Naomba unisaidie maana kichwa kimejaa na Alhamisi inakuja, na mume wangu nikimweleza ananiambia mambo ya kazini yaishie kazini, basi nimeona nikuandikie wewe ambaye nakusoma kila wiki. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Malangali hapa Sumbawanga, nasimamia akina mama wanaochambua maharage kwenye ghala moja la mazao, na mwaka huu natimiza miaka kumi na moja pale.

Kwenye mizani yupo kaka mmoja, Masalu, yeye ni Msukuma na sisi ni Wafipa, na tangu nimepata akili tunataniana nao. Huyu Masalu sikumjulia ghalani. Baba yangu alipofariki kule kijijini kwetu karibu na Chala, ilikuwa mwezi wa saba, upepo ule wa baridi unaokata masikio, mama alikaa siku mbili hajala wala hajalia, ametoa macho tu mpaka tukaogopa, na kaburi lilipokwisha kuchimbwa huyo Masalu, wakati ule kijana anachunga ng'ombe wa baba yake jirani na kwetu, akaruka ndani akalala chali akajifunika shuka, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kama jogoo hakuna basi tumfukie yeye, mzee arudi nyumbani akalime ulezi wake. Mama akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kicheko kikageuka kilio, na jioni ile akala ugali kwa mara ya kwanza. Jogoo akaletwa, Masalu akatoka, baba akazikwa, na siku tatu zilizofuata ni yeye aliyetutekea maji na kusugua masufuria huku akituita wavivu wa kuzaliwa. Bi Kulsumu, nikizikumbuka siku zile natamani kulia, watu walikuwa watu, huzuni ilikuwa na wa kuishika.

Sasa mwezi wa tano mwaka huu tukaletewa karani, binti anaitwa Scola, ana miaka ishirini na mbili, Mfipa mwenzangu, mpole, kazi yake ni kuandika uzito wa magunia kwa hiyo kutwa nzima yuko na Masalu pale kwenye mizani. Siku ya kwanza tu Masalu akamwambia apande juu ya mizani tuone huko nyuma kuna kilo ngapi, wote tukacheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, tena nikadakia kwamba asisahau kutoa kwanza uzito wa gunia, yaani nguo zake, Mungu anisamehe. Basi ikawa kila siku, mara kilo zimeongezeka, mara leo mzigo umekaa vizuri, mara nani anaufungua huo mzigo usiku, na mengine ambayo gazetini siyaandiki. Scola akaanza kuvaa koti refu hata jua la saa saba, akawa anazunguka nyuma ya ghala ili asipite mbele ya Masalu mpaka aitwe. Siku moja alijaribu kumjibu, akamwambia na yeye apande tupime hicho kitambi, akina mama wakacheka, lakini Masalu hakucheka, alimwambia asimzoee, na tangu hapo wakiwa wawili tu stoo akawa anamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa kumi na mbili na kwamba tajiri mwenye ghala huwa anamuuliza yeye nani abaki. Haya yote Scola alinieleza analia, nami nikamwambia avumilie, watani ndivyo walivyo, sisi tumekua hivyo.

Wiki iliyopita Scola akaandika malalamiko, na Munira, binti wa tajiri ambaye ndiye anashika ofisi, ameniita Alhamisi niseme nilichosikia. Jumapili tumetoka misa, Masalu akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mtani, mimi nililala kwenye kaburi la baba yako. Sema tu ulikuwa utani." Na kweli hajamgusa yule binti hata kwa kidole. Kesho yake nikamuuliza Scola kwa nini hakuniambia kabla ya kuandika, akanitazama, akasema, "Nilikwambia, Mama Enock. Na siku ya kwanza wewe ulicheka."

Maneno matupu nayo ni unyanyasaji? Nikisema ukweli Masalu anafukuzwa, ana watoto wanne, na nitakuwa nimemtupa mtu aliyemrudisha mama yangu. Nikinyamaza, atakayeondoka ni Scola. Nifanye nini mimi?

Mama Enock, Malangali (majina yote nimeyabadilisha)

BI KULSUMU ANAJIBU

Marahaba, Mama Enock. Umeniliza na umeniudhi katika barua moja.

Umeniliza kwa huyo jogoo. Mimi nimekulia dukani kwa baba yangu hapa hapa mjini, na nawakumbuka watani wakija msibani, wanaingia jikoni bila kuulizwa, mmoja anavaa kofia ya marehemu na kushika fimbo yake na kuuiga mwendo wake mpaka wafiwa wanashika mbavu. Siku hizi misiba ina maturubai na spika, na watani sijui wamekwenda wapi. Nami nawakumbuka sana. Ila usichukue kitu kizuri kile ukakifanya tambara la kufutia uchafu.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Maneno yanatosha. Sheria ya nchi hii inayataja maneno yenyewe, haisubiri mpaka mtu ashikwe. Ukiusema mwili wa mwenzako kazini, naye hataki, na ukaendelea, huo ni unyanyasaji wa kijinsia, na ukimtishia mkataba juu yake umezidi kuharibu. Usiniambie Scola hakukataa. Lile koti la saa saba lilikuwa kukataa, na wewe ndiye msimamizi, ulikuwa unalitazama kila siku.

Tuje kwenye huo utani. Ushahidi umeuandika mwenyewe halafu ukaupita mbio. Scola alipomtania kitambi, Masalu alinuna. Dada yangu, uliona wapi mtani ananuna? Mtani ukimsema anafurahi, anakaa anatafuta la kukurudishia. Anayetaniwa ana ruhusa ya kujibu, na utani hausemwi stoo wakiwa wawili, wala mtani hashiki riziki ya anayemtania. Kijana aliyelala kwenye udongo wa baridi ili mama yako apate kula, huyo alikuwa mtani. Huyu wa mizani ni mkubwa wa kazi anayemsumbua binti asiye na pa kukimbilia.

Na kaburi analokukumbusha, si alipewa jogoo? Akamla. Mlimalizana siku ile ile, ndiyo maana jogoo huletwa kabla marehemu hajashushwa. Sijapata kusikia mtani anayerudi baada ya miaka yote hiyo kudai jogoo wa pili, tena safari hii jogoo mwenyewe awe binti wa watu.

Watoto wake wanne nawaonea huruma kama wewe. Lakini baba yao alikuwa nao hao hao wanne siku zote alipokuwa anasema maneno yale. Adhabu ni ya Munira kuamua, wewe umeitwa kusema ulichosikia tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya Alhamisi mtafute Scola, mkae wawili, umwombe radhi kwa kicheko chako na kwa kumwambia avumilie. Usijieleze, omba radhi tu. Kisha kaa chini uyaandike maneno ya Masalu kama alivyoyasema, hata yale uliyoona haya kuniandikia mimi, na siku zake, na nani alikuwepo. Ukifika ofisini anza na la kwako, sema mimi ndiye niliyecheka kwanza, halafu endelea. Waombe kwamba wakati jambo linaangaliwa atoke Masalu kwenye mizani, asitolewe Scola. Na wakilifukia, msindikize binti mpaka ofisi ya kazi, au dawati la jinsia pale polisi, usimwache aende peke yake mara ya pili.

Ukitoka ofisini, mwendee Masalu ana kwa ana umwambie ulichosema, asikisikie kwa watu. Kama bado ni mtani wako, atakutukana matusi ya kufungia mwaka, na siku yako ikifika atakuja kulala kwenye kaburi lako naye adai jogoo. Akinuna, basi ujue mtani wako alikufa siku nyingi, na wewe umechelewa tu kumlilia.